Glavu Mpya za Siku ya Wageni

Dada Nafula,

Nimekupigia simu tangu Pasaka na hushiki. Basi nimeandika, nimpe Mama Brayo anayesafiri kwenda Webuye. Barua huwezi kuikata katikati.

Unakumbuka tulivyofika Karagita kutafuta kazi ya maua, wewe na begi, mimi na godoro? Wewe ndiye ulinifundisha kukata waridi. "Kata mshazari," ulisema, "na usiangalie saa, yenyewe haikuangalii." Nilicheka mpaka nikajichoma mwiba.

Halafu ikaja ile wiki ya maua ya wapendanao. Kibendera chekundu kilikuwa mlangoni mwa grinhausi, maana yake dawa imepigwa, mtu asiingie. Supavaisa akakichomoa mbele yetu. "Ingieni, ndege ya maua haingoji mtu." Mimi nilijifanya natoa changarawe kwenye gambuti. Wewe uliingia. Kifua chako hakijawahi kuwa sawa tena, na kabla ya mvua kuanza ukaambiwa mkataba umeisha.

Wageni wa lile shirika la ng'ambo la haki za wafanyakazi walipokuja, wale ambao nembo yao iko kwenye kila katoni tunayopakia, meneja alinichagua mimi niongee nao. Uliniambia, "Sema tu kilichotokea." Nikasema hapa tuko sawa. Meneja ndiye alikuwa akitafsiri, lakini siwezi kumsingizia, hakubadilisha neno. Jioni nilipokuambia, ulifunga begi kimya kimya. Heri ungenitukana.

Dada, mimi niko hapa kama panya aliyeanguka kwa ndoo. Siku hizi nyumba ni ya kampuni, shule ya watoto ni ya kampuni, hata zahanati ni yao. Nikitoka hapa nitaenda wapi? Nyumbani kwenyewe mnabanana.

Jumanne wageni walirudi. Asubuhi tukapewa glavu mpya kama kawaida, zile tunazorudisha jioni, na nikachaguliwa tena. Lakini safari hii mama mmoja kati ya wageni alikuja na mtafsiri wake kutoka Nakuru, akaniingiza chumbani, akamfungia meneja mlango. Akaangalia mikono yangu.

"Glavu zenu zote bado zina mkunjo wa pakiti," akasema.

Akauliza kama kuna mtu amewahi kuumia. Nje ya dirisha nilisikia supavaisa akikohoa. Nikaomba kalamu, nikaandika jina lako na namba yako ya simu. Akaniambia atajaribu kukupigia, lakini bila aliyeumia kuongea mwenyewe, hawana kitu cha kushika.

Leo supavaisa ameniuliza kwa nini nilikaa huko ndani sana. Nimemwambia yule mama alikuwa anaulizia habari za watoto. Ameniangalia tu, akaenda. Sasa kila nikisikia mtu anaitwa ofisini, nadhani ni mimi. Naogopa, na sitakuficha hilo.

Nakuomba msamaha kwa siku ile ya gambuti, na kwa siku ile ya mdomo wangu. Ukikosa kunisamehe nitaelewa. Simu zangu endelea kuziacha zilie. Lakini ikiingia namba usiyoijua, dada, tafadhali, hiyo shika.

Mdogo wako aliyebaki mlangoni,
Nekesa