Mjane Anayenukia

Bibi mpendwa, nakusoma gazetini kila mara, naomba unishike mkono maana nimekwama. Mimi ni mjane, mume wangu Ameir alifariki wakati wa korona, na eda nikaikalia na binti yangu Maisara tu, na ilipoisha hakuja mtu wa kunitoa, hakuna aliyenivisha wala kunifukiza udi, milango yote ya watu ilikuwa imefungwa, basi nikatoka mwenyewe nikarudi kazini, lakini manukato sikuyagusa tena miaka yote hii, hata sabuni natafuta isiyonukia. Sasa juzi pale karakana ya vito Hockley ninakong'arisha pete, mwenzangu Minal akanikamata mkono akanipulizia manukato, "Just try it, dada," na Bibi, wallahi nilisimama. Kwanza ilikuja karafuu na pilipili manga, ikanipiga puani, kisha taratibu yakatoka maua, waridi na asumini, na jioni ndani ya treni ukabaki mti mtupu, liwa ile ya bibi harusi, nikapitiliza kituo cha Stechford nanusa mkono wangu na machozi yananitoka, sikujua mwili huu bado unaweza kunukia hivyo. Nikanunua chupa. Ijumaa nikaenda kwa wifi yangu Asmahan, dada wa marehemu, akaninusa mlangoni, "Unamnukia nani?" akasema mjane anayenukia asikanyage hitima ya kaka yake mwezi ujao. Maisara ananiambia, "Mama, just wear it, who cares?" lakini mimi najali, yule ndiye ndugu pekee niliyenaye huku ughaibuni. Niimwage?

Sikuzani, Stechford

Mwanangu Sikuzani,

Barua yako nimesomewa mara mbili, ya kwanza sikuisikia vizuri kwa kulia.

Uimwage? Una wazimu? Karafuu itangulie, ua lifuate, mti ukae mpaka jioni, yote hayo ndani ya tone! Nimetwanga singo za kuwasugua maharusi wanukie maisha yangu yote na bado nashangaa. Mungu kaweka harufu ndani ya gome, kaweka na pua ya kuijua, kisha kaingoja siku utakayopita wewe na huzuni yako. Subhanallah, si jambo dogo hilo.

Lakini nakugombeza. Miaka yote unajinyima kwa hukumu ya nani? Eda huisha kwa siku zake, haingoji watu. Mungu alikutoa zamani, sisi wanawake ndio hatukukutoa. Aibu ni yetu. Na ukiulizwa tena unamnukia nani, sema, "Nanukia kwa kuwa ni mzima."

Asmahan naye usimchukie. Wa kukutoa eda alikuwa yeye, wifi mtu, akashindwa kuja. Korona ilimfungia na yeye, hata kaka yake hakumwona akioshwa. Akinusa marashi kwako anaona wewe umetoka, yeye kabaki ndani.

Basi nenda kwake kabla ya hitima, wewe na Maisara. Pika kitu, usiende mikono mitupu. Usijipake. Beba chetezo cha kufukizia, udi na hiyo chupa, mwambie, "Wifi, sikutolewa eda. Nimekuja unitoe." Halafu ufunge mdomo. Akilia mwache alie. Akikataa, njoo kwangu Kings Heath nikutoe mimi, na yeye nitampigia simu nimpe maneno yasiyoandikika gazetini.

Kazini jipake kidogo, treni si chumba cha harusi. Na huko kwa wifi yako, akishakupaka, mshike mkono, umpake na yeye.