Jiwe Kwenye Foleni

Dada Mwanasha, salamu nyingi toka Kariakoo. Mimi mzima, joto ni lile lile la Mombasa.

Katika ile hesabu ya mwezi uliyonipangia, pesa za kodi na nauli zinatosha. Sukari ndiyo imenishinda: imeadimika madukani, na hela yake ninayo mfukoni. Jana nje ya duka la ushirika nilikuta foleni ya mawe, mtu hakuna. Nikalisukuma moja kwa mguu, nikasimama. Jirani mmoja akanifokea, "We mwanafunzi, huyo uliyempiga teke ni Bi Tatu, mwenye nyumba wako. Kaenda kupika!"

Jioni Bi Tatu akanipimia kikombe cha sukari yake. "Kesho weka jiwe lako," akasema, "langu limechoka mateke."

Usiniongezee pesa, dada. Niombee tu jiwe langu lisisogezwe.

Nduguyo, Athumani