Kwa Baba Yetu Timazi, Aliyepokea Bila Kutoa Jasho

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na bado wapo wanaoulizana kama kweli uliokoka. Leo tunawajibu, nawe usikie.

Ulikuwa fundi mwashi kwa miaka thelathini na minane. Mtaa mzima ulikuita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka, maana hukuvumilia ukuta uliopinda wala mtu aliyepinda. Ukifika nyumbani kwa mtu, ulianza kuusalimia ukuta: unaugonga kwa vidole, unatikisa kichwa, ndipo unamgeukia mwenye nyumba.

Na hukula cha mtu bure. Ukiandaliwa chai, lazima kwanza ukaze bawaba ya mlango au uzibe ufa. "Mkono mtupu haulambwi," ulituambia tangu tukiwa wadogo. Hata kwa Mungu ulikwenda hivyo hivyo. Ukuta wa kanisa uliujenga bila ujira, lakini ibadani ulikaa benchi la nyuma, na mchungaji akisema wokovu ni zawadi, unanong'ona, "Hakuna fundi anayeamini hayo." Mama alikufinya Jumapili nyingi.

Kisha kiharusi kikakulaza. Mkono wa kulia ukafa, wa kushoto ukabaki kutetemeka. Ikabidi mke wa mwanao mkubwa akulishe uji kwa kijiko. Wewe, kulishwa na mkweo! Siku mbili nzima ulifumba mdomo ukageukia ukutani, machozi yakikutoka. Mkweo hakubembeleza.

"Baba, mimi sina mlango mbovu wa kukupa utengeneze. Fungua mdomo."

Ukacheka, ukafungua.

Siku chache baadaye ukamwita Mama.

"Mama watoto, hivi ndivyo Mungu anavyotoa? Mtu amelala tu, kinywa wazi?"

"Ndivyo."

"Mimi sifanyi chochote?"

"Utafanya nini wewe, nzi tu wa puani anakushinda?"

Halafu ukasema, "Basi, namwamini Yesu. Alichonifanyia msalabani nakipokea. Sina cha kumpa." Kwa jinsi tunavyokujua, maneno hayo yalikuwa mazito kuliko matofali yote uliyowahi kubeba.

Hukugeuka malaika. Jirani alipokuja kukuona ulimwambia, "Nimeokoka, ndugu yangu, ila ukuta wako bado umepinda." Lakini ulikula ulicholetewa, ukasema asante, ukaishia hapo. Uliishi hivyo wiki sita zilizobaki, na hatujawahi kukuona na furaha kama ile.

Siku ya mazishi, mzee mmoja wa kanisa alisema kwa sauti, makusudi tumsikie: "Huyu kamkimbilia Mungu baada ya kuishiwa nguvu. Mikono ilipokuwa mizima alikuwa wapi?"

Dada yako, shangazi yetu, akamrukia palepale: "Alikuwa anakujengea hilo kanisa unalotamba nalo!"

Lilikuwa jibu tamu, Baba, ila wewe usingelikubali tena. Nasi hatukutetei kwa ukuta. Ndiyo, ulikwenda huna kitu. Hukumaliza darasa la ubatizo, hukuimba kwaya hata siku moja, na huko nyuma uliwatolea watu maneno makali tunayoyajua. Uliamini, ukapewa wokovu mzima, haukukatwa kipande kwa kuchelewa. Anayeona ni rahisi mno na ajaribu yeye, apokee asichokifanyia kazi, halafu anyamaze asijitetee. Atuletee majibu.

Unakumbukwa na mkeo, wanao wanne, mkweo aliyekulisha, dada yako, ambaye hadi leo hajatulia, wajukuu sita, na mafundi wote uliowafundisha kazi na kuwafokea.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Na mtu akituuliza kama ulistahili, tunamjibu bila kupepesa macho: hakustahili. Na mbinguni yumo.