Mikia ya Mijusi Wawili

Magunga, Jumapili

Kaka Dishon, huko Malaysia,

Pokea salamu za nyumbani. Mvua imenyesha vizuri na mbuzi wa mama amezaa.

Picha za mijusi unaowachunguza zilifika. Mimi niliona mjusi mmoja aliyepigwa picha mara mbili. Baba alinicheka, akavaa miwani. "Lynnet, huyu mkia wake ni bapa, una pindo pembeni, na ngozi imemzidi ubavuni. Mwenzake ana mkia wa mviringo wenye vijiba kama miba. Hawa ni ndugu, si pacha." Akazibandika ukutani, na kila mgeni akapewa mtihani.

Alikataza usiambiwe habari za kifua chake mpaka umalize utafiti. Tulimtii. Mimi nimechoka kutii.

Mke wa mdogo wetu Clifford amejifungua mvulana. Mtoto alilia mchana kutwa, titi hataki. Mama akamwita kwa majina ya wazee wetu, moja baada ya jingine, wapi! Alipoita "Elkana," mtoto akanyamaza, akanyonya.

Ndiyo, jina la baba. Na unajua, kaka, kwetu mtoto hatulizwi kwa jina la mtu aliye hai.

Dada yako,
Lynnet