Neema na Kadi Iliyosahauliwa

Jumatatu, tarehe 4

Mchezo umefunguka! Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni, binti yangu Neema akapiga kelele ndani, mchi ukaniponyoka. Magari yanakimbia kwenye kioo, kwa kompyuta ile ile ambayo fundi wa Nateete alisema ni ya kutupa. Waliotengeneza kadi yake ya picha, kile kipande cha ndani kinacholeta picha kwenye kioo, walishaisahau. Neema kaweka Linux, programu ya kuendesha kompyuta, ya bure, na kuna watu wa mbali bado wanaiandikia kadi hiyo programu, bure pia. Nani mwingine hapa Kisugu amezaa hivi? Na mimi niliishia darasa la sita.

Jumanne, tarehe 5

Mkuu wa kituo cha vijana atakuja Jumapili kutazama. Mchezo ukienda bila kukwama, Neema anapata kazi ya kufufua kompyuta zao zote. Nimealika kwaya yetu ya kanisani nzima. Jirani yangu Mama Sifa: "Weye Mama Neema, kesho utatuambia anarusha ndege!" Wivu tu.

Jumatano, tarehe 6

Neema alikwenda Mengo kutafuta kebo. Aliacha mchezo ukijiendesha wenyewe, kuipima mashine. Vumbi la barabara likawa linaingia. Nikaifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua mekundu, kama tunavyofunika redio na televisheni. Mama alinifunza hivyo kule Bukavu. Ilipendeza.

Saa tisa, harufu. Kitambaa cha moto kama pasi. Nikakitoa, nikakikunja, nikakificha. Kwenye kioo, mistari ya kijani.

Neema aliporudi, nikampakulia chakula.

Alhamisi, tarehe 7

Mistari imeongezeka. Mchezo unakwama, kioo kinakuwa cheusi. Neema anajilaumu, anadhani amekosea kuweka programu. Amefuta, ameweka upya, mara tatu. Hajala. Mimi nimefagia, nimepika, nimeimba. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, tarehe 8

Alishika simu ampigie mkuu, aseme ameshindwa. Nikamwambia yote.

"Mama. Uliivalisha sweta?"

Akacheka. Kisha hakucheka tena. Aibu niliyoona leo sijawahi kuiona.

Jumamosi, tarehe 9

Ameifungua ubavuni, amesafisha feni kwa brashi, amepunguza uzuri wa picha. Inakwenda. Lakini baada ya robo saa mstari mmoja wa kijani unarudi, unatetemeka, hauondoki. Anasema kadi ikishaungua haiponi. Amempigia mkuu akamweleza ukweli. Mkuu kasema atakuja vile vile, aone mwenyewe.

Kwaya siwezi kuwarudisha, niliwaita kwa mdomo wangu. Mama Sifa kauliza alete viti vingapi. Nikasema kumi na viwili.

Kesho Jumapili, baada ya ibada, wanakuja wote.