Zuhura, Wamekutia Majini

Zuhura mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu ya kuchorea ya mwanao Rukia, ndiyo iliyokuwa karibu. Mwandiko wangu unaujua, darasa la tatu niliishia, basi usicheke. Mtoto mzima. Anakula. Nimelitanguliza hilo maana najua ndilo ungeuliza kwanza.

Sasa nikueleze uchafu niliouona, nitapike, labda nitapumua.

Siku ya tatu ya msiba wako alikuja Shabani, yule mliyekuwa mkifanya naye kazi kwenye duka la picha kule Mtanda. Akakaa mkekani, akaniomba picha yako moja nzuri. Nikadhani ni ya ukumbusho. Nikampa ile ya kitambulisho, ya mtandio wa bluu, inayoishia kifuani. Mkono wangu huu huu ndio uliotoa.

Wiki iliyopita nikaenda Mtanda na Rukia kumtafutia dawa ya kikohozi, tukapita dukani kwenu. Mlangoni kuna bango refu kunizidi mimi. Ni wewe. Wamekutia maji mpaka kifuani, mwanangu. Maji ya bluu ya kompyuta, mawimbi yake yamepangana kama bati la nyumba. Chini yake wametia kichwa chako kingine, kimepinduliwa, kimetepeta kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Uso wamekupaka weupe, wewe mweusi wangu. Na juu wameandika kwamba wanatengeneza picha za maji, harusi na mahafali, karibuni. Yaani wewe ndiyo sampuli.

Huzuni haikunijia, Zuhura. Kilichonijia ni kinyaa. Mate yalinijaa mdomoni nikatema pale pale barabarani, na watu wananitazama.

Mimi kompyuta siijui, ila mambo ya maji ya picha nilijifunza kwako. Ulikuwa ukirudi na ile kompyuta ya kazini unaniita niache kukuna nazi. Unaichukua picha unaifanya mbili, ya pili unaipindua, unaziunganisha miguu kwa miguu, halafu ile ya chini unaififisha na kuitikisa kidogo. "Mama, haya ni maji au si maji?" Nakwambia si maji, kivuli cha majini hakimshindi mwenyewe kwa rangi, tia giza. Unacheka, unatia giza. Na ulinieleza kuwa picha ya nusu mtu haitiwi maji hata mteja alie. "Ataonekana anazama, mama." Bibi harusi mmoja wa huku kwetu Mitwero ulimrudisha akapige nyingine inayoonyesha miguu, akakusema una maringo mtaa mzima. Na huyo Shabani si wewe uliyemshika mkono akajua kutumia mausi? Alilijua hilo. Akakuzamisha.

Ingekuwa sura tu ningenyamaza labda. Lakini jirani yetu Mwanahamisi alikuja kunipa pole upya, eti hakujua kumbe ni maji yaliyokuchukua. Homa siku nne, umelala kwenye mapaja yangu, jasho nakufuta mwenyewe, leo nianze kubishana na watu umekufa na nini. Na Rukia tangu alione lile bango hasogelei beseni. Nikichota maji anakimbilia nyuma ya mlango. Juzi nikamwogesha kwa nguvu, Mungu anisamehe, akaniuliza, "Bibi, nani atamtoa mama?"

Kata ilinianguka. Sikuimalizia ile kazi. Nikavaa, nikamwacha mtoto kwa Mwanahamisi, nikaenda Mtanda.

Shabani akanipa shikamoo, marahaba yangu ikatoka kwa shingo upande. Akaanza kunieleza kuwa wamekuenzi, kwamba kila anayepita anakukumbuka, tena wateja wameipenda. Nikamwambia wateja hawakukuzaa. Akasema basi atapunguza maji. Apunguze, kama mchuzi uliozidi. Nikakaa kwenye kiti cha kupigia picha, nikamwambia sitoki. Watu wakawa wanaingia, wananiona nilivyo, wanageuza. Mwisho akapanda stuli akakata kamba. Nikamtaka afute na ile iliyomo kwenye kompyuta, mimi nikiona. Akafuta. Nikamwambia na ya kwenye pipa, maana wewe uliniambia kitu kikitupwa kwenye pipa la kompyuta bado kipo. Akanitazama, akafuta na hiyo.

Halafu akalia. Labda alikupenda kweli, sijui. Sikumfuta machozi.

Bango nililibeba mpaka nyumbani, nikalichoma nyuma ya jiko kabla sijamfuata mtoto. Moshi mzito, unanuka plastiki, unakwama kooni. Nilikaa nalo mpaka likaisha. Kuiona sura yako inajikunja kwenye moto ni jambo ambalo sitalisema kwa mtu mwingine.

Alasiri nikamchukua Rukia mpaka kaburini kwako. Nikamwambia mama yako yuko hapa, hayupo kule mlangoni, shika uone. Akashika mchanga, akaugeuzageuza kiganjani. Akaniuliza mbona mkavu. Nikamwambia ndiyo, mkavu. Hapa hapana maji. Akauliza tena, nikamjibu tena, hata sijui mara ngapi. Akatia mwingine mfukoni mwa gauni, sikumkataza.

Nisikudanganye, tuliporudi beseni hakulisogelea. Nimemkalisha mapajani nikamfuta kwa kitambaa cha maji, shingo, makwapa, vidole kimoja kimoja, naye kashikilia ule mfuko. Nitamfuta hivyo hivyo hata mwaka upite, mpaka siku atakayotia mguu mwenyewe. Sitamlazimisha tena. Hilo nakuahidi, na picha yako nyingine haitoki mikononi mwangu.

Mungu akulaze pema, mwanangu. Lala pakavu.

Mama yako