Siku Niliyosema Ulikuja Tu

Mpendwa Papa Zakaria,

Usishtuke. Najua sikuwahi kukuita papa, wala baba. Nilikuita "yule", hata ukiwa umekaa papo hapo unanisikia.

Nilianza kukushuku siku ile ya mvua ulipobisha kwetu Rubondo na begi moja, ukaomba kuota moto. Moto ukazimika, hukuondoka. Mwaka haujaisha, mama akawa hauzi hata debe la maharagwe kabla hajakuuliza. Ulipochuja maji ya kunywa kwa kitambaa, nilisimama nyuma yako nikichunga mikono yako, usije ukatia kitu. Ulijua. Ndiyo maana kikombe cha kwanza ulikuwa unakunywa wewe.

Kisha ikaja siku ya kuhesabu watu kambini kwa ajili ya kadi ya chakula cha wakimbizi. Mama alikuwa amelazwa Mbarara, kwa hiyo karani akaniuliza mimi, mkubwa wa watoto: "Huyu mutu ni ya kwenu?"

"Hapana," nikasema. "Alikuja tu."

Ulinitazama kidogo. "Mutoto hasemi uongo," ukamwambia. Ukaingia ndani, ukachukua begi lako lile lile.

Mama aliporudi hakunigombeza. Ila kigoda chako hadi leo haruhusu mtu akikalie.

Sasa nasoma baiolojia Mbarara. Juzi mwalimu alitueleza habari za virusi vikubwa mno, vinavyoingia ndani ya amiba, kiumbe cha seli moja, hata wataalamu walipoviona mara ya kwanza walidhani ni bakteria. Akasema wapo wanaohisi kwamba kiini cha seli zetu, kile kinachotunza maagizo yote ya mwili, huenda kilianza kama kirusi cha namna hiyo: kiliingia kwenye seli ya kale, hakikuiua, kikabaki. Wengine wanakataa katakata. Na mimi nilikataa. Nikanyoosha mkono nikauliza huyo mgeni alikuwa na nia gani. Darasa zima likacheka. Mwalimu akajibu kwamba nia haijulikani, ila kama dhana hiyo ni kweli, basi sote mle darasani tumetokana na mgeni ambaye hakufukuzwa.

Niliona aibu, papa. Nimeibeba mpaka leo.

Nasikia unatengeneza baiskeli kule Kabingo. Mwezi ujao wanahesabu watu tena. Sitakudanganya, bado nakushuku: hukutuambia ulitoka kijiji gani wala ulimwacha nani huko. Njoo na siri zako hizo hizo. Karani akiniuliza, nitajibu kabla hajamaliza swali.

Maji nitachuja mimi. Na kikombe cha kwanza nitakunywa mimi.

Mwanao mkubwa wa Rubondo